Mjadala: Televisheni zatudanganya, au zatupa nusu ya habari?

Naleta hoja hii tuipime pamoja. Hapa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, wengi tushazoea kusema televisheni ni waongo, wamenunuliwa, zima tulale. Ndugu yangu mmoja wa Malindi akanijibu kuwa tunawaonea: ripota husema alichokiona, na Lamu haionekani kwenye taarifa ya saa moja kwa sababu iko mbali na watu wake ni wachache. Mimi siko na upande wowote kati ya hizo mbili. Sentensi inayosomwa mara nyingi huwa ya kweli. Tunapopotoshwa ni katika habari gani imetangulizwa, picha gani imeandamana na maneno, na kamera zimefungasha virago lini.

Chukueni Mpeketoni. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa mjini humo na vijiji vya jirani. Habari ile ilistahili kila dakika iliyopewa. Waliofiwa ni jirani zetu. Lakini Mpeketoni iko bara. Kutoka kisiwani wavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha washika njia ya gari. Kwenye kioo kichwa cha habari kilikuwa "Lamu", basi, na nilitazama kituo kimoja kikisoma idadi ya waliokufa huku kikionyesha majahazi yamefunga mbele ya mji wetu na punda wakipita forodhani. Hakuna neno la uongo lililotamkwa. Ila mgeni aliyekuwa amelipia chumba Shela, hapa hapa kisiwani, angejuaje kuwa moto hauko pale? Julai ikaja kafyu, wavuvi wakazuiwa kutoka usiku, na sisi tuliobaki na vyumba vitupu na nyavu kavu hatukuwa habari tena.

Na kuna kubwa kuliko picha. Al-Shabaab walisema shambulio ni lao. Rais Uhuru Kenyatta akasema si wao, ni mpango wa wanasiasa wa humu humu nchini. Kauli hizo zilikuwa zinapingana waziwazi. Kazi ya chumba cha habari ni kwenda kwa walioona, kupima, kisha kutwambia ushahidi unaelemea wapi. Sisi tulisomewa kauli ya huyu, tukasomewa ya yule, halafu wachambuzi wakakalishwa studio Nairobi wabishane. Kunukuu pande mbili na kuondoka, mimi siiti hiyo kusema kweli.

Sasa hilo la umbali. Mei 20, 2021, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipozinduliwa, umbali haukuwazuia. Sherehe ilirushwa mubashara. Miaka mitatu kabla yake, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na mradi huohuo. Ni nani kati yenu aliyemwona mvuvi wa Kililana akipewa hata dakika tano jioni aeleze mikoko na matumbawe yaliyoharibika, na samaki waliokuwa wakizalia humo? Nauliza kwa dhati, kama yuko aliyeona aseme. Hukumu ilitajwa, kisha ikapita. Kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ilikuwa vivyo hivyo: leseni ilipofutwa Juni 26, 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kamera zilikuwepo. Miaka ile watu walipokuwa wakikusanyika na kuuliza maswali, hazikuwepo.

Ndugu yangu wa Malindi naye anaijua Shakahola kuliko mimi, msitu wa Kilifi walikofia waumini wa mhubiri Paul Mackenzie kwa kufunga kula. Aprili 2023 magari ya matangazo yalijaa huko, na idadi ya miili iliyofukuliwa ikatangazwa kila jioni hadi ikapita 400. Kisha hesabu ikakoma na magari yakaondoka. Jamaa za marehemu waliendelea kusubiri majibu ya vinasaba, na miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mackenzie, aliyefikishwa mahakamani kwa mauti hayo, alikuwa na kituo chake mwenyewe cha televisheni alichohubiria. Hapo televisheni ilikuwa sehemu ya habari yenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo vituo vingine vililoligusa kidogo kuliko yote.

Wanaosema wote ni vibaraka wa serikali nawapinga vilevile. Januari 30, 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwa ajili ya kuonyesha Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park. Juni 25, 2025 zikaamriwa ziache kurusha maandamano mubashara. Hazizimwi kwa kuimba sifa. Lakini uhuru wa kurusha haujawa uangalifu wa kurusha. Uchaguzi wa Agosti 2022, fomu za 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, zilikuwa wazi kwa kila mtu, na bado kituo hiki kilionyesha huyu yuko mbele, kile yule. Halafu vikaacha kujumlisha, bila maelezo ya kumtosha mtazamaji. Usiku ule watu wengi niwajuao waliacha kuamini, na hawajarudi.

Vijana wataniambia tuachane nazo, habari zote ziko kwenye simu. Kwenye simu tunapata uvumi wa shambulio kabla ya adhuhuri na kanusho halifiki kabisa. Bado namtaka ripota aliyefunzwa, ila awe analala hapa.

Katiba, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kupokea malalamiko. Napendekeza tuanze na jambo dogo linaloweza kupimwa: picha ya maktaba iandikwe tarehe na mahali ilipopigwa, na sahihisho lisomwe saa ileile kosa liliposomwa. Watu wa hoteli, wavuvi na manahodha waandike pamoja, wakiambatanisha taarifa wanayoilalamikia.

Anayeona njia hiyo haifai, aseme kwa nini, na atupe yake. Na ndugu yangu wa Malindi, bado nangoja unieleze umbali ulikuwa wapi siku ya uzinduzi wa bandari.