Tupeane uzoefu: rilei za taa za mbele zilivyotutesa barabarani

Mzee wa Defender: Wakuu, jana jioni nilisikia tena harufu ya plastiki inayoungua chini ya usukani, nikakumbuka kwamba Defender za zamani zilitoka kiwandani bila rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi) za taa za mbele, na kwamba umeme wote wa taa hupita kwenye swichi. Globu mbili za wati 60 huvuta ampea 10. Aliyeniuzia gari alikuwa ameweka za wati 100, yaani karibu ampea 17, na mdomo wa soketi nimeukuta mweusi, umelainika kama nta. Nani amewahi kufunga rilei kwa mkono wake, na yalimpata yapi?

Dereva wa Tunduma: Umenigusa kidonda, Mzee. Mimi taa zilinizimikia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, katika zile kilomita 50 hivi za barabara kuu ambazo hakuna dereva anayetamani kuzipita gizani. Wiki moja kabla, fundi alinifungia rilei kwenye pikapu, akachukua umeme moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, na waya akaupitisha juu ya ukingo wa bati kando ya rejeta bila hata kipande cha mpira, kwa hiyo kila tuta lilikuwa likiusugua. Ilikuwa yapata saa tano usiku. Tulipovuka tuta moja, taa zilififia zikawa nyekundu kama makaa, zikazima, na moshi ukaanza kutoka kwenye boneti. Nilipotaka kushuka, utingo alinishika mkono, kwa sababu upande wa kushoto matawi yalikuwa yakivunjika. Akaninong'oneza: "Tembo." Nilisimama kati ya mnyama na moto, nikauchagua moto: nilifungua boneti, nikalegeza kichwa cha betri kwa spana namba 10, na waya uliokuwa umebaki shaba tupu ukaniachia kovu kwenye kidole gumba. Nilikata nyaya zote za rilei kwa koleo, nikarudisha betri, kisha tukasubiri lori la kutuongoza, tukalifuata mkiani hadi Mikumi mjini.

Binti Fundi: Pole sana, kaka. Fyuzi hukaa karibu na betri, si karibu na rilei, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, si globu.

Kijana wa Gereji: Na tembo aliishia wapi?

Dereva wa Tunduma: Sikumwona hata kivuli.

Kijana wa Gereji: Basi huenda alikuwa ng'ombe.

Mtu wa Canter: Ng'ombe ndani ya hifadhi saa tano usiku? Turudi kwenye rilei, jamani. Mimi niliweka rilei ya volti 12 kwenye Canter ya volti 24, na koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei ili kuivuta, iliungua kabla sijafika kituo cha mafuta.

Binti Fundi: Mzee, kabla ya kununua chochote, washa taa na injini, upime volti kwenye betri kisha kwenye globu. Gari la mjomba wangu lilisoma 13.6 kwenye betri na 11.4 kwenye globu. Baada ya rilei, globu ilipata 13.2, na mjomba akadai nimembadilishia macho. Mguu namba 30 wa rilei unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye taa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, na 85 na 86 ni za koili. Swichi yako itabaki kutoa amri tu, kwa umeme usiofika nusu ampea.

Babu Hilux: Maelezo hayo yanafaa kwa Defender. Toyota nyingi za zamani, swichi hukata upande wa hasi. Nilifuata mchoro kama huo siku nzima na rilei haikulia hata mara moja.

Kijana wa Gereji: Babu, umeme unatoka chanya. Usitupotoshe.

Babu Hilux: Sijasema unatoka wapi, nimesema unakatwa wapi. Chomoa soketi ya globu, washa taa, upime kila mguu dhidi ya bodi: ukikuta mguu mmoja una volti 12 bila kujali uko kwenye dimu (mwanga wa chini) au fulu (mwanga wa mbali), ujue ndiyo hiyo. Hapo mguu huo unalisha koili za rilei zote mbili, na nyaya za dimu na fulu zinakamilisha upande wa pili. Nimeanza kazi hii kabla hujazaliwa, mjukuu wangu.

Mama Watatu: Mimi nilitumia mguu wa katikati, 87a. Taa zikawa zinawaka nikizima swichi na kuzima nikiiwasha. Betri ilikufa usiku huohuo, na nikamgombeza mwanangu kwa sababu ya redio.

Mtu wa Canter: Wekeni LED, kelele ziishe.

Binti Fundi: LED ndani ya kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya globu hutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja mbele. Hilo si suluhisho.

Mtu wa Canter: Wanaokuja mbele hawanilipii mafuta.

Dereva wa Tunduma: Rilei ikifa safarini, azima ya honi kama zinafanana. Niliteremka mlima Kitonga hivyo, nina taa lakini sina honi, na kila kona nilitoa kichwa dirishani nikipiga mluzi.

Mzee wa Defender: Nimefunga rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, kila moja na fyuzi yake. Zote zinalia vizuri, lakini taa ya kushoto bado ni hafifu.

Babu Hilux: Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kwangua rangi mahali ulipofungia, mpaka bati ling'ae.

Mzee wa Defender: Nimekwangua, Babu. Sasa ya kushoto inaishinda ya kulia.

Babu Hilux: Kwangua na ya kulia.