Coaster ya kempa: nipake grisi beringi za zamani, ninunue mpya, au nifunge habu nzima ya mtumba?

MsafiriEntebbe
Wadau, habari za kazi. Nina Coaster (basi dogo la Toyota) niliyoigeuza kempa, gari la kulala safarini: vitanda, jiko la gesi, betri za ziada na tangi la maji la lita 200. Gurudumu la mbele kushoto limeanza kuunguruma nikitoka Karuma, na mlio unapanda kila nikikata kona ya kulia. Fundi wa mtaani kwangu amenipa njia tatu. Tufungue, tuoshe na kupaka grisi upya beringi zilizomo. Au ninunue beringi mpya na oili sili zake. Au niende Kisekka, soko la vipuri Kampala, nitafute habu nzima (kitovu cha gurudumu, pamoja na beringi zake) ya mtumba kutoka Japani, ifungwe tu nikaendelee na shughuli. Mwezi ujao naenda Kidepo na watoto kupitia Kitgum, sitaki kulala njiani. Ninyi mngeshika ipi?

FundiNdeeba
Ssebo, nusu ya jibu umeshalitoa mwenyewe. Ukikata kulia uzito wa gari unaegemea kushoto, kwa hiyo mlio ukipanda hapo, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kushoto. Ila kabla hujatoa shilingi, piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea kutikisa. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, kaangalie boli jointi au kingipini (viungio ambavyo gurudumu hugeukia), maana wengi wanauziwa beringi bure.

Kuhusu kupaka grisi: hiyo ni kazi ya beringi nzima, isiyolia. Iliyoanza kuunguruma imeshaliwa, na grisi haioteshi chuma. Hata hivyo ifungue uione. Osha kwa mafuta ya taa, futa kwa kitambaa safi, wala usiizungushe kwa upepo wa kompresa, roli (vile vyuma vya mviringo vya ndani) zinaweza kuchomoka zikakuumiza. Peleka juani. Ukiona vishimo, magamba yaliyobanduka au rangi ya buluu ya kuungua kwenye roli au kwenye kikombe (ringi ya nje ya beringi), usihangaike nayo tena.

DerevaMalaba
Mimi natetea mtumba, mnisamehe. Beringi mpya za siku hizi nyingi ni boksi zuri tu. Duka moja mjini liliniuzia "Japani" iliyoanza kulia kabla sijamaliza msimu, wakati ile nzee niliyoitoa ilikuwa imekula barabara miaka. Habu ya mtumba ina beringi za kiwandani ndani yake. Chuma cha zamani nakiamini kuliko maandishi ya kwenye katoni.

MamaTours_Kabale
Mzee wangu, kuhusu feki uko sahihi kabisa. Lakini habu ya mtumba ni sawa na kuoa bila kuuliza ukoo. Hujui gari lile lilibeba nini, wala kama liliwahi kuzama majini. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: beringi iliyosimama muda mrefu huku ikitikisika, kama kwenye meli au lori, roli zake hugongagonga sehemu ileile na kuacha alama kwenye kikombe. Kwa macho ya haraka inang'aa, ukiifunga inalia. Mwishowe utaifungua, utaiosha, utanunua grisi na sili mpya. Sasa umeokoa nini?

Magari yetu yanapanda na kushuka Kanaba kwenda Kisoro. Kwenye mteremko ule breki zinachemka na joto lote linaingia kwenye habu. Sisi tunafunga mpya, na tunanunua kwa namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe, si kwa kumwambia muuzaji "nipe ya Coaster". Ya ndani na ya nje kwa pamoja, kila moja na kikombe chake. Roli mpya kwenye kikombe kizee ni kuharibu vyote viwili. Na feki unaweza kuzipunguza: nunua kwa wakala anayekupa risiti. Baadhi ya watengenezaji wana programu za simu za kukagua. SKF wana ya kwao, unapiga picha boksi na alama unawatumia.

Halafu ndugu Msafiri, hilo tangi. Lita 200 ni kilo 200, bado vitanda, betri na watoto. Kwa hesabu za watengenezaji, beringi ya roli ikiongezewa mzigo kwa asilimia 20, uhai wake hupungua karibu nusu. Pima gari likiwa limejaa kabla ya kulaumu beringi.

WestNile_Drone
Nauliza kwa niaba ya sisi wenye HiAce za drone, jina la mtaani la zile za umbo jipya. Mimi nina kempa ndogo juu ya drone, mafundi wa Arua wananiambia hakuna cha kupaka grisi mbele.

FundiNdeeba
Wanasema kweli. Kwenye drone beringi ya mbele imefungwa pamoja na habu yake kiwandani. Ikilia unabadilisha kipande chote. Ni kazi fupi, ila huna la kufanya porini bila kipande kingine mkononi. Hapo ndipo beringi za mshazari za Coaster na Land Cruiser zinaponifurahisha. Wazo ni lile alilolisajili Henry Timken kule Marekani mwaka 1898: roli zimelala mshazari, zinabeba uzito wa gari na msukumo wa kona kwa pamoja, na nafasi yake unairekebisha kwa nati. Unafungua, unaona, unafunga.

Msafiri, ukichagua mpya, simama hapo hapo fundi akifanya kazi. Kikombe kizee kinatolewa kwa kipande cha shaba, si patasi. Kipya kinaingizwa kwa kugonga taratibu kuzunguka ukingo (kikombe kizee kinafaa kusukumia), mpaka mlio wa nyundo ubadilike kuwa mzito, hapo kimekaa. Grisi iwe ya beringi za magurudumu, namba 2, ya lithiamu kompleksi. Usiichanganye na ya aina nyingine iliyobaki ndani. Nyingine zikikutana huyeyuka kama uji na kumwagika. Weka donge kiganjani, kandamiza beringi upande mpana mpaka grisi itokee upande wa pili kati ya roli. Ndani ya habu usijaze pomoni, theluthi hadi nusu yatosha, ikizidi inachemka.

Sasa nati, ambayo ndiyo inayoua beringi nyingi mpya hapa mjini. Vijana wanakaza kwa bomba refu kama nati ya rimu! Kaza huku gurudumu likizungushwa ili roli zikae, legeza mpaka iwe huru, kisha kaza tena kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Baadhi ya magari huachiwa nafasi ndogo mno, kama milimita 0.025 hadi 0.125. Pini ya kufungia nati iwe mpya.

DerevaMalaba
Fundi, hapo kwenye bomba nakubali, nimeyaona. Bado sinunui boksi nisilolijua. Nitakachobadilisha ni hiki: kama za upande wa kulia ni nzima, Msafiri azioshe, azipake grisi aziache. Asitupe chuma kizuri kwa sababu jirani yake ameugua.

MsafiriEntebbe
Nimefungua leo. Beringi ya nje kushoto ina magamba, ya ndani ina doa la buluu, na sili ilikuwa imepasuka. Kulia kuko safi. Nafunga mpya kushoto, kulia grisi na sili mpya, na nanunua seti moja ya ziada niiweke chini ya kiti. Tangi nitalijaza nusu. Kuna lingine la kuangalia njiani?

MamaTours_Kabale
Baada ya mwendo wa kwanza rudia kutikisa tairi. Njiani, kila ukisimama gusa habu zote kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, usiendelee. Na mvua zikianza, Mto Kidepo na vijito vyake vinaweza kujaa ghafla. Ukitoka kwenye mwendo mrefu usiingize magurudumu majini papo hapo. Habu moto ikipozwa ghafla hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili. Simama, wape watoto chai, ndipo uvuke. Ukishazama mpaka katikati ya gurudumu, panga kufungua habu ukirudi Kampala, hata kama hakuna mlio.

FundiNdeeba
Na spana ya nati ya habu ibebe mwenyewe, pamoja na pini za akiba. Seti ya beringi chini ya kiti bila spana yake haikusaidii kitu.