Shotgani ya mtutu laini na slagi kwa kulungu: bado ni bunduki ya kazi au ni ukaidi tu?

Mnyemeleaji:
Wakuu, salaam. Leo tulimalize hili. Miaka nenda rudi majimbo ya Marekani yenye ardhi tambarare, kina Illinois, Iowa, Ohio, Indiana na kusini mwa Michigan, yalikuwa hayataki kusikia raifoli kwenye msimu wa kulungu. Unabeba shotgani na slagi, yaani ganda lenye kipande kimoja kizito badala ya chembe nyingi, basi. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna kilima cha kusimamisha risasi iliyokosa, na nyuma ya kila kijisitu kuna nyumba ya mtu.

Halafu wakaanza kulegeza mmoja mmoja. Wisconsin waliondoa kizuizi 2013. Ohio na kusini mwa Michigan wakaruhusu raifoli za ganda lililonyooka (lisilobana shingoni) 2014, Iowa 2017, Illinois 2023, tena hao Illinois ni zile za kuweka risasi moja moja tu. Tangu hapo ukitaja mtutu laini, ule usio na mifereji ndani ya kuzungusha risasi, unaonekana mshamba.

Msimamo wangu: slagi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), gramu 28 za madini laini ya risasi yenye upana wa kama milimita 18, ikitoka kwenye mtutu laini ndani ya yadi 75, inamlaza kulungu bila maswali. Hizi raifoli mpya zimetuletea watu wanaorusha yadi 200 wakati hata karatasi ya shabaha ya yadi 100 hawajaitoboa. Je, walikosea kufungua mlango? Na anayehitaji darubini ili amwone kulungu wa yadi sitini, aniwie radhi, hajui kunyemelea. Akae nyumbani.

MzeeWaKijiti:
Kijana, umeandika vizuri mpaka ulipofika mstari wa mwisho. Mimi nimenyemelea wanyama kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ukifika umri wangu, kile kishanga cha mbele kwenye mtutu kinakuwa ukungu. Ukikitazama kishanga, kulungu anapotea. Ukimtazama kulungu, kishanga kinapotea. Jicho la mzee haliwezi kushika vitu viwili vilivyo mbali tofauti kwa wakati mmoja, na darubini inaviweka alama na mnyama mahali pamoja. Hiyo siyo uvivu wa kunyemelea, ni macho. Nikae nyumbani kwa sababu ya macho?

Mnyemeleaji:
Shikamoo mzee. Sikusema wazee. Nilisema wasiojua kunyemelea.

MzeeWaKijiti:
Marahaba. Ulisema "anayehitaji darubini". Mimi naihitaji. Kwa hiyo ulinisema mimi.

Kichaka77:
Mzee amekubana hapo, mkuu. 😂

DadaShabaha:
Naona tunaanza kugombana umri, mada inakwenda zake. Naomba niseme la karatasi. Mtutu laini hauna adabu moja. Chukua slagi za kampuni tatu, bunduki ileile, mtu yuleyule, yadi hamsini, bunduki imelazwa kwenye mfuko wa mchanga. Aina moja itakupa matundu matatu unayoweza kuyafunika kwa kiganja. Nyingine itatawanya upana wa sahani ya kulia. Hakuna anayeweza kukuambia kabla ni ipi mtutu wako unaipenda. Sasa nenda kaulize vijana wangapi wamefanya hivyo kabla ya msimu. Wananunua boksi moja usiku wa kuamkia msimu, wanapiga mbili kwenye gogo, wanasema "iko sawa".

Kwa hiyo Mnyemeleaji, hao unaowalaumu kwa raifoli ndio haohao walikuwa wanajeruhi kulungu kwa slagi. Bunduki imebadilika, mtu ni yuleyule.

Mnyemeleaji:
Dada, kwa karatasi nakubaliana na wewe. Lakini kwa slagi alikuwa anajeruhi yadi 80. Sasa anajeruhi yadi 200, na hata pa kuanzia kutafuta damu hapajui.

DadaShabaha:
Na teke la slagi umelisahau? Mtu aliyepiga slagi tano za geji 12 akiwa amekaa mezani, ya sita anafumba macho. Nimeona wanaume wa kilo tisini wakifanya hivyo na kusingizia upepo. Raifoli nyepesi ya ganda lililonyooka haimfanyi aogope kifyatuo, na asiyeogopa kifyatuo anaweka risasi mahali pake. Mimi natumia geji 20, mtutu mwembamba kuliko 12, na sijaona kulungu aliyelalamika.

Kichaka77:
Geji 20 ni ya watoto lakini.

DadaShabaha:
Watoto gani? Njoo tulenge.

BaruaYaSheria:
Nyinyi mnabishana kama vile Marekani ndiyo dunia. Uingereza shotgani kwa kulungu ni marufuku kabisa. Sheria ya Kulungu ya 1991. Kule wanasema shotgani inatesa mnyama, ukimtaka kulungu chukua raifoli. Illinois mpaka 2023 walikuwa wanasema raifoli ni hatari, chukua shotgani. Bunduki ileile, nchi mbili, maamuzi kinyume. Mnaona hapo kwamba sheria hizi siyo sayansi?

FundiMtutu:
Siyo "kabisa", mkuu. Sheria hiyohiyo ina mlango kwa mwenye shamba ambaye kulungu wanamharibia mazao. Anaruhusiwa shotgani ya geji 12 yenye marisau makubwa (chembe nyingi kwenye ganda moja) ya kiwango kilichotajwa, au kipande kimoja kisicho cha duara chenye uzito usiopungua gramu 22.68. Hicho kipande kimoja ndiyo slagi yako. Kwa hiyo hata wao hawasemi slagi haiui.

BaruaYaSheria:
Nimesema kanuni, wewe unaleta vighairi. Kanuni ni marufuku.

FundiMtutu:
Umesema "kabisa".

BaruaYaSheria:
Haya, toa "kabisa". Hoja yangu imebaki palepale na hujaijibu. Wao wanaangalia mateso ya mnyama, hawa wanaangalia nyumba ya jirani. Mnyemeleaji ameuliza kama walikosea kufungua, hasemi walikosea kwa upande upi.

Tambarare:
Mimi ninaishi humo kwenye mashamba mnayoyazungumzia, na hii habari ya "slagi ni salama kwa majirani" inanichekesha. Pennsylvania mwaka 2007 walifanyiwa utafiti rasmi wa swali hilihili, shotgani na gobori dhidi ya raifoli. Ukielekeza mtutu juu angani, ndiyo, raifoli inakwenda mbali zaidi. Lakini nani anawinda kulungu akilenga mawingu? Mtutu ukiwa sawa na ardhi, jinsi watu wanavyolenga kweli, slagi ikigonga chini inaruka na kuendelea, na wakakuta shotgani haina ule usalama ambao kila mtu alikuwa anaudhania. Risasi nyepesi ya raifoli yenye kasi ikigonga udongo mara nyingi inapasuka. Donge la gramu 28 lenye pua butu linadunda na kuendelea na safari.

Kichaka77:
Kwa hiyo sheria yote ilikuwa kwa imani tu?

Tambarare:
Sijasema hivyo. Ukipiga kutoka juu ya mti kuelekea chini, karibu bunduki yoyote ni salama, ardhi inaimeza. Tatizo ni misako ya kuswaga: watu kumi wanapita kwenye mahindi yaliyovunwa, kulungu anachomoka, kila mtu anageuka na mtutu wake bila kujali umeelekea juu au chini. Hapo ndipo ningependa wawe na kitu kinachochoka mapema.

Mnyemeleaji:
Asante Tambarare! Na kwa kulungu anayekimbia yadi arobaini, mtutu laini wenye kishanga tu unafika begani na kulenga upesi kuliko chochote. Mwenye darubini anatafuta manyoya kwenye kioo wakati mnyama ameshavuka uzio.

MzeeWaKijiti:
Umerudi tena kwenye darubini. Kwa hiyo sisi wenye darubini tunatafuta manyoya. Kijana, kulungu anayekimbia hapigwi. Anasubiriwa asimame. Hilo ndilo kunyemelea, ulifundishwa na nani?

Mnyemeleaji:
Mzee, kuswaga ni uwindaji halali na wa zamani.

MzeeWaKijiti:
Halali, ndiyo. Kupiga matumbo na paja pia hakumpeleki mtu jela.

DadaShabaha:
Mzee kashinda, tuendelee.

Mnyemeleaji:
Hajashinda kitu. Amehamisha goli. Mada ilikuwa sheria, sasa inaonekana ni tabia yangu.

Kichaka77:
Ulianza wewe, "akae nyumbani". Mimi swali langu ni hili: ile mistari iliyochongwa nje ya slagi si inaizungusha? Kama inazunguka, mtutu wa mifereji wa nini? Jamaa dukani aliniambia slagi ni raifoli iliyogeuzwa nje ndani.

FundiMtutu:
Jamaa wa dukani anauza, hafundishi. Ile mistari haiizungushi kiasi cha maana. Kazi yake ni kuipa slagi nafasi ya kubanwa inapopita kwenye choki, kule mdomoni ambako mtutu unakuwa mwembamba. Kinachoifanya iende imenyooka ni umbo. Slagi ya Karl Foster, ya 1931, nyuma ina shimo na mbele ina nyama, uzito wote umekaa puani. Ni soksi yenye jiwe kwenye kidole: irushe, jiwe linatangulia na soksi inafuata. Mjerumani Wilhelm Brenneke alishafika huko 1898 kwa njia yake: donge lisilo na shimo, halafu zibo jepesi limefungwa nyuma na linasafiri nalo.

Sasa zile slagi zilizovikwa koti la plastiki ni habari nyingine. Zile zinategemea mzunguko, zimetengenezwa kwa mtutu wa mifereji. Ukizipiga kwenye mtutu laini utaona tundu kwenye karatasi limekaa kiubavu, refu, maana risasi imefika imelala. Na ni ghali. Kila msimu naona mtu anazinunua kwa sababu boksi lina picha ya kulungu mkubwa, anazipeleka kwenye mtutu laini, halafu anarudi kusema shotgani haina shabaha.

Kichaka77:
Sasa kumbe nimenunua hizo. 😭

FundiMtutu:
Mpe mtu mwenye mtutu wa mifereji mbadilishane. Naye asipige Foster nyingi kwenye mtutu wake, madini laini yanaganda kwenye mifereji na kusugua ni adhabu.

PoriniTu:
Mbona mnajitesa? Mimi marisau makubwa. Vipande tisa kwa mpigo mmoja, lazima kimoja kipate.

DadaShabaha:
Kimoja kipate WAPI?

MzeeWaKijiti:
Hapa hata mimi na Mnyemeleaji tuko upande mmoja.

Mnyemeleaji:
Mzee asante. PoriniTu, Iowa na Illinois marisau kwa kulungu hayaruhusiwi, na sababu ndiyo hiyo uliyoisema kwa mdomo wako.

PoriniTu:
Kuna majimbo ya kusini yanaruhusu. Kwenye vichaka vizito, na mbwa, mnyama yuko hatua ishirini. Msihukumu pori msilolijua.

Tambarare:
Hatua ishirini sawa. Lakini mwenye marisau akishaua mmoja kwa ishirini, msimu ujao anajaribu hamsini. Na mwenye slagi naye anajaribu mia. Slagi inatoka mdomoni na kasi ya kama futi 1,600 kwa sekunde, ikifika yadi 100 imeshashuka chini ya kasi ya sauti na imezama inchi kadhaa. Mwenye kishanga hana cha kupimia huo mzamo. Anakisia.

BaruaYaSheria:
Na je, madini ya risasi kwenye nyama? Minnesota 2008 walipiga mizoga ya kondoo kwa bunduki tofauti wakaangalia vipande. Risasi za raifoli zenye kasi zilisambaza vipande vingi, slagi na gobori kidogo zaidi. Hakuna aliyeligusa hili, na ndiyo hoja kubwa kuliko zote mlizotaja.

Kichaka77:
Mkuu, tunazungumza choki hapa.

BaruaYaSheria:
Mnakula nyama hiyo na watoto wenu, mnazungumza choki.

Mnyemeleaji:
Barua, nyama inanihusu na hoja yako inanisaidia mimi, kwa hiyo naichukua. Nirudi kwenye swali. Wengi hapa mnaona kufungua raifoli si kosa. Mimi nasema sawa, wafungue, lakini kabla ya leseni mtu apige karatasi mbele ya msimamizi, kwa bunduki atakayoibeba. Ashindwe, asiende.

Tambarare:
Sasa hiyo siyo mada uliyoianza. Ulianza kwa "mtutu laini unatosha", umefika kwenye mtihani wa leseni.

Mnyemeleaji:
Mada inakua.

MzeeWaKijiti:
Kwenye mtihani huo darubini inaruhusiwa?

Mnyemeleaji:
Inaruhusiwa, mzee. Na uje na kiti.

MzeeWaKijiti:
Nitakuja nacho, na karatasi yako nitakutobolea.

MgeniHapa:
Samahani wakubwa, nimesoma yote na mimi nina la chini kabisa. Nimerithi shotgani ya zamani ya geji 12, kwenye mtutu pamechongwa FULL na 2 ¾. Naweza kupiga slagi?

FundiMtutu:
2 ¾ ni urefu wa ganda kwa inchi. Ganda la inchi 3 usiliweke humo hata kama linaingia, shinikizo linapanda mahali pabaya. FULL ni choki iliyobana kabisa. Slagi laini ya Foster ina mistari ya kuiwezesha kubanwa, lakini shabaha kwenye choki hiyo mara nyingi ni mbovu, na mtutu wa zamani mwembamba sitaki kuusemea bila kuuona. Peleka kwa fundi bunduki aupime. Muulize pia kama choki inafunguka au ni sehemu ya mtutu wenyewe.

MgeniHapa:
Haifunguki, ni sehemu ya mtutu.

FundiMtutu:
Basi usiipeleke kwa kulungu. Choki ile ni nzuri kwa bata mzinga. Kama ni modeli ya kupampu, nyingi mtutu unatoka kwa kufungua kifuniko cha mbele. Tafuta mtutu wa pili usio na choki, wenye viona vya mbele na nyuma, uupige karatasi kama DadaShabaha alivyosema.

PoriniTu:
Au marisau.

DadaShabaha:
Wewe!