Walimu wenzangu, mnawaachia wanafunzi maamuzi gani hasa?

MwalimuMlezi: Habari za jioni wakuu. Nipo sekondari ya bweni, mlezi wa serikali ya wanafunzi mwaka wa pili sasa. Muhula huu tulifanya uchaguzi: kampeni, sanduku, mawakala, yote. Kijana aliyeshinda kwa kura nyingi, kikao cha walimu kikamkata jina. Kosa lake? "Anajibu sana." Akaapishwa wa pili. Tangu hapo kwenye baraza la shule hakuna anayenyoosha mkono, na viranja kazi yao ni kuandika majina ya wapiga kelele prepo. Nianzie wapi bila kugombana na mkuu?

BiTaaluma: Achana na vyeo, anzia stoo. Kwetu kiranja wa chakula anakuwepo maharage yakipimwa, anasaini leja pamoja na mtunza stoo. Na ratiba ya chakula wanapanga wenyewe ndani ya bajeti. Mwaka jana wakajipangia wali mara tatu kwa wiki, mchele ukaisha wiki mbili kabla ya kufunga. Nilishikwa na huruma, lakini sikuwaokoa. Walisimama wenyewe parade wakawatangazia wenzao kwamba ni makande mpaka likizo. Walizomewa, weee! Muhula uliofuata walikuja na kikokotoo.

TichaWaKenya: Huku Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi ya shule. Shuleni kwetu alikuwa anaitwa kikaoni wakati wa soda tu. Tulianza kumpa ajenda siku mbili kabla, akaanza kuja na maswali.

MzeeChaki: Mtoto ni mtoto. Nimeshuhudia mgomo mmoja, walioongoza ni viranja haohao.

MwalimuMlezi: Shikamoo mzee wangu. Pengine waligoma kwa sababu hawakuwa na pa kusemea. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, haijamfanya mkuu wa shule.

BiTaaluma, asante. Leo nimeongea na mtunza stoo, amekubali kwa shingo upande. Mkuu naye kasema tujaribu mwezi mmoja. Nikamwita yule kijana tuliyemkata jina, nikamwomba asimamie mizani. Akaniuliza, "Mwalimu, nikikuta pungufu nimwambie nani?" Nikamwambia aandike kwenye leja, kwa wino, na mimi nitasaini chini yake.