Sakulenti (mimea ya majani manene yanayotunza maji) za umbo la waridi: zangu zimeoza zote, za jirani ziko hai kwenye theluji. Nimekosea wapi?

MamaTumaini
Wadau habari zenu, naombeni msaada. Niko huku Augsburg, Ujerumani, mwaka wa nne sasa, tuna kabustani kadogo mbele ya nyumba upande wa jua. Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua sakulenti kumi supamaketi, zile majani yamejipanga kama ua la waridi, nyingine za kijivu nyingine zina wekundu kwenye ncha, nikazipanda nje kwenye udongo mweusi wa mfuko nikachanganya na samadi kabisa. Mpaka mwezi wa tisa zilikuwa nzuri jamani, watu wanapita wanapiga picha. Januari ikashuka mpaka nyuzi 14 chini ya sifuri, theluji ilipoyeyuka nikazikuta zimekuwa uji, ukigusa jani linapasuka linatoa maji. Iliniuma sana. Sasa bibi jirani zake ziko juu ya ukuta wa mawe, hakuzifunika hata siku moja na ziko hai, zimejifunga kama ngumi. Kwa macho yangu zinafanana na zangu kabisa. Shida ni udongo au ni aina? Na kama ni aina, dukani nitaijuaje?

Mkulima_wa_Milimani
Pole sana dada. Ni vyote viwili ila aina ndiyo imeanza kukuumiza. Ulizonunua naamini ni echeveria, asili yake Meksiko, majani yamejaa maji na maji yakiganda ndani jani linapasuka, hapo hakuna dawa. Za bibi ni Sempervivum, huko kwenu wanaiita Hauswurz, hiyo ni ya milima ya Ulaya, inaota kwenye nyufa za miamba huku Alpi ninakoishi na inalala chini ya theluji miezi. Nyuzi 20 chini ya sifuri haziitishi.

Kuzitofautisha, chukua jani uliangalie karibu. Echeveria jani ni nene, laini, mara nyingi lina kama unga mweupe, ukipitisha kidole alama inabaki. Sempervivum jani ni jembamba zaidi, lina ncha kali na ukingoni kuna vinywele vidogo kama kope za jicho. Halafu tazama pembeni, mmea mama una watoto, yaani vimea vidogo, wameshikwa na vikamba vyembamba wameuzunguka. Kuna moja inaitwa arachnoideum, katikati ina nyuzi nyeupe utadhani buibui amejenga, mimi ndiyo naipenda kuliko zote, anza na hiyo au tectorum ambayo ni kubwa na ngumu. Tectorum maana yake ya mapaa, watu wa zamani walikuwa wanaipanda juu ya nyumba wakiamini inazuia radi, hata mfalme Charlemagne miaka ya 800 hivi kwenye amri zake za mashamba aliagiza mtunza bustani awe nayo juu ya nyumba yake.

Sasa udongo. Samadi acha kabisa!! Ukiilisha inanenepa, inakuwa kijani tu na baridi inaikuta teketeke. Mimi nachanganya nusu udongo wa kawaida nusu kokoto ndogo na mchanga mnene, pale shingoni chini ya majani nazungushia kokoto tupu ili majani yasilalie matope. Jua lipige kwa muda wa masaa sita kwa siku au zaidi, ndo utaona rangi zinatoka, wekundu ule wa mwezi wa nne unaweza kukaa unaangalia tu.

Juma_Manchester
Naongezea hapo kwa mkuu. Huku kwetu Uingereza baridi si kali kihivyo ila mvua ya Novemba mpaka Februari haikatiki, na mimi niliua Sempervivum halisi kabisa kwa sababu nilipanda kwenye vyungu visivyo na matundu ya kutosha. Kwahiyo dada hata ukipata aina sahihi, maji yakituama inaoza. Sasa hivi vyungu nimeviinua juu ya vipande vya tofali. Kitu kingine, ukiona mmea umelegea ghafla na ukiuvuta unatoka wote bila mizizi, chimba, utakuta funza weupe wana kichwa cha kahawia, ni watoto wa fukusi mweusi, wanapenda sana vyungu. Mwaga udongo wote, kata shina mpaka sehemu safi, liache likauke siku mbili tatu ndo upande tena.

Porter_Nanyuki
Mimi napandisha wageni Mlima Kenya na hiyo ya kujifunga kama ngumi imenikumbusha ile miti ya senesio pale Bonde la Teleki, si sakulenti lakini majani imejipanga hivyo hivyo. Usiku baridi ikishuka inakunja majani ndani kufunika kile kichipukizi cha katikati, asubuhi jua likitoka inafungua pole pole, na ni kila siku. Wageni wengi hulala mapema, hawaioni.

MamaTumaini
Asanteni sana ndugu zangu, Mungu awabariki. Nimeenda kwa bibi leo, vinywele vya ukingoni nimeviona, na amenipa watoto sita bure kwenye boksi la mayai. Ila ameniambia kitu nikaogopa, kwamba ikitoa ua inakufa. Ni kweli?

Mkulima_wa_Milimani
Kweli, ila usiogope. Kinachokufa ni kile kichwa kimoja kilichotoa ua. Utaona katikati inaanza kurefuka juu kama mnara, inatoa maua ya waridi yenye umbo la nyota, nyuki wanajaa, halafu inakauka. Watoto wake wanakuwa wameshashika udongo, wewe ng'oa kile kikavu na lile pengo weka kokoto, litajazwa. Hao sita wapande wiki hii maadam ni Aprili, ule uzi wa mama ukikauka usiuvute, kata kwa mkasi. Wamwagilie wiki mbili za mwanzo tu, baada ya hapo waachie mvua.

MamaTumaini
Sawa kaka. Udongo mweusi wote nimeshautoa, mume wangu kaenda kutafuta kokoto.