DR650SE: kifuniko cha klachi, kabureta na gurudumu la nyuma vya mtumba, kipi kitaingia?

Njia_ya_Vumbi:
Wakuu, habari za leo. Pikipiki ni Suzuki DR650SE ya 2009, ipo Arusha. Kifuniko cha klachi kimepasuka na oili inadondoka. Kabureta inamwaga petroli na sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) haitulii. Rimu ya nyuma imepinda, spoki tano zimekatika.

Muuzaji wa Nairobi ana DR650 ya 1993 ameichinja auze vipuri, anasema "DR ni DR, vyote vinaingia." Mwingine ana gurudumu zima la nyuma la DR-Z400S. Wa tatu yuko Marekani, anauza kabureta ya DR650 bila kutaja mwaka. Vipya vyote vitatu bajeti haifiki. Nishaurini kabla sijatuma hela.

Beringi6203:
Huyo wa 1993 mwache. Suzuki ilibadilisha pikipiki hii kwa mwaka wa modeli 1996, jina tu ndilo lilibaki. Injini ya zamani ina pistoni ya kipenyo cha milimita 95 inayopanda na kushuka 90.4, cc 641. Yako ni 100 kwa 82, cc 644. Kasha la injini ni jingine, hivyo kifuniko cha klachi hakiwezi kuingia, hata gasketi yake haiingii. Fremu nayo ni nyingine.

Usiulize "ni ya mwaka gani?" Uliza namba ya chesisi. Yako ina SP46 ndani yake. Muuzaji akupigie picha ya namba iliyogongwa shingoni mwa fremu. Ukiona SP46, ongea bei. Ukiona SP nyingine, agana naye vizuri. Uzuri ni kwamba tangu 1996 pikipiki hii haijaguswa sana, kwa hiyo soko lako la mtumba ni pana kuliko unavyodhani.

Kisahani:
Naongezea kuhusu namba za spea, maana wengi wanazipita. Namba ya Suzuki ina mafungu: tarakimu tano za mwanzo ni aina ya kipuri (kabureta nzima huanza na 13200), fungu la kati ni modeli ambayo kipuri kilitengenezewa mara ya kwanza, na la mwisho mara nyingi ni rangi. Vipuri vilivyobuniwa kwa DR650SE vina 32E katikati. Ukikuta kipuri cha pikipiki yako kina herufi za modeli nyingine katikati, hiyo ni habari njema: kimeazimwa huko, na unaweza kukinunua kutoka kwenye modeli hiyo bila wasiwasi.

Fungua katalogi ya mtandaoni yenye michoro, andika namba za vitu vyako, kisha tafuta kwa namba, si kwa jina la pikipiki. Wenye Yamaha: modeli iko kwenye herufi tatu za mwanzo. Honda iko katikati.

Njia_ya_Vumbi:
Asanteni sana. Je, kifuniko cha SP46 nikikipata, nikague nini kwenye picha? Na gurudumu la DR-Z mnasemaje?

MamaKlachi:
Kifuniko: omba picha ya upande wa ndani, siyo wa nje. Mikwaruzo ya nje haina shida. Unachotafuta ni uso unaokaa gasketi usiwe na alama za bisibisi (mafundi wengi hufungua kwa kuchokonoa), matundu ya bolti yasiwe na nyufa, na pale inapokaa filta ya oili pawe safi. Kikiwa kimechomelewa, kataa. Aluminiamu ikipata moto wa kuchomelea hupinda, na kifuniko kilichopinda kitavuja kwa gasketi yoyote. Kikifika, kilaze juu ya kioo kinene cha dirisha. Geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ikipita chini yake, kisuguliwe kwa msasa juu ya kioo hichohicho hadi kikae. Gasketi nunua mpya, hapo hakuna mjadala.

Na kwa kuwa unafungua upande huo, usifunge kabla hujagusa swichi ya nyutro. Ipo nyuma ya basketi ya klachi (kikombe kinachobeba sahani za klachi), imeshikwa na skrubu mbili ndogo ambazo kwenye DR650 zinajulikana kwa kulegea. Ikidondoka moja ikaingia kwenye gia, kifuniko kitakuwa tatizo dogo kabisa. Toa basketi, fungua skrubu, zisafishe zisibaki na oili hata chembe, tia gundi ya kuzuia skrubu kulegea, kaza. Wengine huzitoboa vichwa na kuzifunga kwa waya. Pikipiki ilaze upande wa kushoto, hutahitaji kumwaga oili.

Halafu filta: ina upande wa kuingia. Ukiigeuza, oili haipiti na injini inakufa kimya kimya.

Beringi6203:
Gurudumu la DR-Z400S usinunue. Nyuma linatumia tairi la inchi 18, lako ni 17 (120/90-17). Cheni yake ni 520, yako ni 525. Pichi (umbali wa pini hadi pini) ni ileile, milimita 15.875, ndiyo maana watu hudanganyika, lakini upana wa ndani ni tofauti: 6.35 dhidi ya 7.94. Bado eksili, bushi, diski na mstari wa cheni.

Habu yako (kitovu cha gurudumu) bado ni nzima, na ndani yake kuna raba za kupunguza mshtuko wa cheni. Itunze. Nunua rimu tu na seti ya spoki. Soma chapa iliyogongwa kwenye rimu yako: kipenyo, upana, kisha hesabu matundu. Hata matundu yakilingana, angalia yameelekea wapi, kwa sababu rimu hutobolewa kufuata ukubwa wa habu. Spoki ikiingia kwa kupinda itakatika shingoni tena. Spoki za mtumba sizipendekezi kabisa. Beringi soma namba ubavuni, mfano 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12 popote duniani, nunua duka la beringi badala ya duka la pikipiki.

Kisahani:
Kabureta mimi nisingenunua bado. Inayomwaga petroli haijafa. Chanzo huwa ni sindano ya boya iliyochongeka ncha, O-ringi ya kiti chake iliyokakamaa, au uchafu wa tangi. Sailensa kukataa kutulia kwenye Mikuni BST40 mara nyingi ni O-ringi ya kiongozi cha slaidi (slaidi ni kipande kinachopanda na kushuka kuruhusu hewa): ikikauka, hewa inapita pembeni. Seti ya ukarabati ni nafuu kuliko kabureta.

Toa slaidi, tazama diaframu (raba nyembamba iliyo juu yake) dhidi ya mwanga. Ukiona kitundu hata kidogo kama ncha ya sindano, hapo ndipo mtumba unakuwa na maana. Angalia pia bomba ambamo sindano ndefu inapita: tundu lake likishakuwa la yai badala ya duara, pikipiki itakunywa mafuta hata ubadilishe jeti (vitundu vya kupimia petroli) zote.

MamaKlachi:
Ukiamua kumnunulia yule wa Marekani, muulize vitu viwili: slaidi imetobolewa? Jeti ni namba ngapi? Kule wengi hutanua tundu la slaidi na kubadilisha sindano wakiwa wamefungua na boksi la filta ya hewa. Kwenye pikipiki yenye boksi lisiloguswa, jeti hizo ni kubwa mno. Na aikaushe kabisa kabla ya kufunga mzigo. Kabureta yenye harufu ya petroli inakataliwa kwenye ndege.

Njia_ya_Vumbi:
Nimeelewa. Kifuniko cha SP46, rimu na spoki, seti ya kabureta. Muuzaji wa Nairobi nimemwomba picha ya chesisi, amesoma ujumbe na hajajibu.

Beringi6203:
Amekujibu.