Naomba ushauri: niache Fizikia au nikomae nayo?

Habari zenu kaka na dada zangu. Niko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Tanga, nyumbani Makorora. Nasoma masomo 9, na usajili wa mtihani wa Novemba unakaribia kufungwa. Nataka kupunguza moja.

Linalonitesa ni Fizikia. Juzi kwenye vitendo tulikuwa wanane kwenye pendulamu moja. Zamu yangu ilipofika, nilihesabu mizunguko 20, mwenzangu akaniambia nimehesabu 19, kengele ikalia. Nilirudi na jedwali nusu tupu. Majaribio mawili yaliyopita nimepata F zote mbili. Kemia na Baiolojia napata C, Jiografia B.

Mwalimu wa darasa anasema niache, kwa kuwa daraja linahesabiwa kwa masomo 7 bora, na nikienda CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kidato cha tano Fizikia haihitajiki. Nimemwelewa. Lakini mimi natamani utabibu tangu bibi alipougua, na stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hata D inatosha, ila F haitoshi. Nikiiacha sasa, mlango huo nimeufunga mwenyewe.

Baba ni mvuvi, anatoka Sahare alfajiri, hela ya tuisheni ni ya somo moja tu. Mama kasema niamue mwenyewe.

Waliowahi kutoka F mpaka D kwa miezi michache, mlianzia mada zipi? Na aliyeiacha akaishia utabibu, alipitia njia gani? Nisaidieni jamani, fomu narudisha Ijumaa.